Daftari limejaa, je, ameelewa?
Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza hukutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Wengi hunakili kitabu neno kwa neno. Daftari hujaa, mzazi hufurahi, mtihani huja kuwaumbua.

Mwambie asome aya moja, afunike kitabu, ndipo aandike alichoelewa, hata kwa Kiswahili. Kwenye mada ya moyo achore vyumba vinne na mishale: damu ya mwilini huingia upande wa kulia, huenda mapafuni kuchukua oksijeni, hurudi kushoto, kisha husukumwa mwilini. Pembeni aweke majina ya Kiingereza, maana ndiyo yatakayoulizwa. Mshale ukimshinda, arudie aya hiyo tu.

Hujui Baiolojia? Mwambie afunge daftari, achore tena huku akikueleza.