Tahariri: Almasi inahamia maabara, Kasai itabaki na mashimo?

Mjini Mbuji-Mayi, mchimbaji anashuka shimoni kwa kamba, anapandisha changarawe, anaibeba hadi mtoni na kuichekecha. Akibahatika kupata jiwe, mara nyingi ni almasi ya viwandani, ile ya kukatia na kusagia, ambayo bei yake ni ndogo.

Wakati huohuo, katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani, almasi inachongwa kwa namna nyingine kabisa. Wataalamu wanatumia mwale wa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, mara nyingi za galiamu, zinazorushwa kwa nguvu ya volti 30,000 hivi. Mwale huo unabanwa hadi upana wa nanomita chache. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Ioni zikigonga jiwe zinang'oa kaboni, na almasi, ambayo hakuna kisu kinachoiweza, inachorwa mifereji na matundu yasiyoonekana kwa macho. Wengine wanapanda nitrojeni ndani ya jiwe, kisha wanalipasha joto la nyuzi 800 hivi au zaidi. Hapo linakuwa kipimo cha sumaku dhaifu sana.

Jiwe hilo linatoka wapi? Si Kasai. Maabara zinapendelea almasi iliyooteshwa kwa gesi ya methani, kwa sababu ni safi na wataalamu wanajua kilichomo ndani yake. Tangu General Electric ya Marekani ilipofanikiwa kutengeneza almasi mwaka 1954, soko limehama: leo karibu almasi zote za viwandani duniani zinatoka kiwandani, si ardhini.

Kwa hiyo tusijidanganye. Kuwa na mawe mengi hakutoshi tena. Thamani imehamia kwa anayejua kulisoma jiwe, kulisafisha na kulichonga.

Kuna watakaosema sayansi hiyo si yetu. Wamesahau kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Tulianza mbele ya wengi.

Fedha nazo zina mlango wake. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho cha Kasai kinahitaji nini kuliko maabara za fizikia na kemia zenye umeme wa uhakika, pale Mbuji-Mayi, Lubumbashi na Kinshasa? Hatudai mashine ya ioni kesho asubuhi. Tuanze na hadubini nzuri, walimu wanaolipwa kwa wakati, na vijana wanaoweza kupima jiwe wenyewe kabla mnunuzi hajawatajia bei.

Serikali ieleze wananchi mfuko huo unafanya nini. Shimo likishaisha almasi, halirudishi kitu. Akili ya kijana aliyesomeshwa haiishi kuchimbwa.