Shilingi Tuiache Ilivyo

KUTOKA MFARANYAKI
Na Beatus Ngonyani

Kuna hoja inayozunguka vijiweni hapa Songea, na wenye hoja ni vijana wasomi wanaoisema kwa uchungu: nchi iliyojitawala kwa zaidi ya miaka 60 ina haja gani ya kuita fedha yake kwa jina la Mwingereza? Wanataka shilingi ibadilishwe jina. Mimi siungi mkono.

Kwanza wamjue wanayetaka kumfukuza. Shilingi ni neno kongwe la Kiingereza, kongwe kuliko ufalme wa Uingereza wenyewe. Karibu mwaka 600, mfalme Æthelberht wa Kent alitoa sheria iliyopanga fidia za majeraha kwa shilingi. Ukimtoa mtu jicho, 50. Ukimkata kidole gumba, 20. Ukimng'oa ukucha wa gumba hilo, 3. Watu wanaohitaji sheria ya kucha, bila shaka walikuwa wakigombana kwa karibu sana.

Na shilingi hiyo haikuwa na thamani moja. Kwenye ufalme wa Wessex ilikuwa peni 5, jirani zao wa Mercia waliihesabu peni 4, na Wanormani walipoiteka nchi ikawa 12. Kwa karne nyingi hata sarafu yenyewe haikuwepo. Ilikuwa hesabu ya vitabuni tu, mpaka enzi ya Henry VII ndipo ikagongwa ya fedha. Asili ya neno nayo ni ugomvi wa wasomi. Wako wanaolihusisha na mlio wa chuma, wako wanaosema ni kukata, yaani kipande kilichokatwa, na wengine wanaiona ngao ndani yake.

Huku kwetu ililetwa mwaka 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa London, baada ya florini kujaribiwa kwa muda mfupi. Peni 12 hazikufika. Hapa shilingi ilikuwa na senti 100. Upande mmoja alisimama simba mbele ya milima. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, unazitunga kwenye kamba ukitaka. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa, tukapata shilingi yenye Mwalimu upande huu na mwenge upande ule, na thumni yenye sungura.

Miaka mitano haijatimia, Februari 15, 1971, Waingereza wakaiacha shilingi yao. Waaustria waliokuwa na ya kwao wakaiacha walipoingia kwenye euro. Leo anayetaka kuikuta shilingi sokoni, inanunua mchicha, aje huku: Tanzania, Kenya, Uganda, Somalia. Hata bob, jina la mtaani ambalo Waingereza waliipa shilingi yao, ukilitafuta leo utalisikia Nairobi. Sasa tunamrudishia nani neno ambalo mwenyewe alishalitupa?

Kama tunahesabu majina yenye damu, hapa Songea tungeanza na hela. Hilo limetokana na heller ya Wajerumani, iliyopata jina kwenye mji wao wa Hall, kule Swabia, na mwaka 1904 waliigawa rupia ya koloni hili kuwa heller 100. Rupia hiyo ndiyo waliyoidai kwenye kodi ya nyumba tangu 1898, na kodi hiyo pamoja na pamba ya kulazimishwa vilichochea Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mashujaa waliolala pale Mahenge ya hapa mjini, kwenye makumbusho, walinyongwa mwaka uliofuata. Lakini nenda Soko Kuu sasa hivi, umuulize bei mama anayeuza dagaa wa Nyasa, halafu umwambie huna hela. Atakaripia mfuko wako, hatamkaripia Mjerumani.

Shilingi tumeifanyisha kazi ambazo Æthelberht hakuziota. Refa anairusha mpira haujaanza. Mzee akisuluhisha wanandoa anawakumbusha kwamba ina pande mbili. Na bungeni inashikwa. Hii ya bungeni naipenda kuliko zote: makadirio yanapopitishwa kifungu kwa kifungu, mbunge asiyeridhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Shilingi ambayo dukani hainunui hata pipi, mle ndani inaweza kumsimamisha waziri na mafaili yake.

Kwa hiyo vijana wangu, nguvu hizo za kubadili jina zipelekeni huko. Wapo wakulima mkoani kwetu wanaokabidhi mahindi kwenye ghala la serikali baada ya mavuno, wakapewa karatasi, na mvua za kupandia zinaanza bado wanaulizia malipo. Mbolea haikopeshwi kwa karatasi hiyo, na ada ya shule hailipwi nayo. Mpigieni simu mbunge wenu kabla bajeti ya kilimo haijasomwa. Mwambieni amuulize waziri fedha ya mahindi italipwa tarehe ngapi, na asipotajiwa tarehe aishike hiyo shilingi, asiirudishe kwa kuambiwa "tunalifanyia kazi".