SINGA SHAMBANI, KAMBA MJINI

Kila panapozungumzwa habari za viwanda katika nchi ya Taita, ombi husikika lile lile: kila kijiji kingependa kiwanda kijengwe mlangoni pake. Mzazi wa Ndara atakaye mwanawe apate kazi bila kuhamia Mombasa hawezi kulaumiwa. Lakini yafaa kwanza kuuliza: kiwanda chenyewe chahitaji nini ili kidumu?

Mfano mzuri uko karibu, katika mashamba ya mkonge ya Mwatate. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu ni yapata kilo 4 tu. Kilichosalia ni maji na makapi. Tena jani likikaa sana baada ya kukatwa hukauka, na singa zake huwa taabu kutoa. Kwa hiyo mashine ya kukwangua majani haina budi kuwa shambani. Kuyachukua majani hadi mjini ni kuyalipia maji nauli.

Lakini singa zikiisha kukaushwa na kufungwa marobota, mambo hubadilika. Robota haliharibiki njiani. Kiwanda cha kusokota kamba au kufuma magunia hakihitaji kukaa penye shamba. Chahitaji umeme wa kutegemewa, fundi wa kutengeneza mtambo siku ile ile uliovunjika, duka la vipuri, benki, na njia ya kufikisha bidhaa sokoni. Kiwanda kilicho peke yake porini hujigharimia hayo yote. Mjini viwanda kumi hugawana gharama. Fundi aliyejifunza kazi katika kimoja aweza kuwafaa majirani, na kijana akipunguzwa kazi hapa, hubisha hodi pale. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndivyo ilivyokuwa huko Jinja, Uganda. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, kiwanda kikubwa cha nguo kiliufuata umeme katika mji uliokwisha kuwa na reli, na viwanda vingine vikajengwa humo.

Voi nayo ni njia panda ya zamani. Reli ya Mombasa ilifika hapo katika miaka ya 1890. Tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na tangu mwaka 2017 reli mpya ina kituo chake hapo.

Hata hivyo, njia peke yake haitoshi. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, huchukua maji ya nchi hii hadi Mombasa, na mji usio na maji ya kutosha hauwezi kukaribisha viwanda, wala wafanyakazi wasio na nyumba njema hawawezi kufanya kazi vizuri. Mji uliojengwa ovyo huzaa vibanda na maradhi badala ya mishahara.

Basi watu wa Ndara, badala ya kugombania kiwanda kiwe kilimani au bondeni, wangefanya vema kuungana na jirani zao kudai maji, umeme na nyumba kwa ajili ya Voi, pamoja na barabara nzuri ya kufika huko. Hapo kijana ataweza kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni kula chakula mezani kwa mamaye, na shamba la babaye halitageuka kichaka.