Sindano ya mgongo isitangulie maswali

KAULI YA MLIMANI
Na Wambui Gichohi

Siku moja ya soko mjini Karatina, baba mdogo aliinua gunia la viazi, na mgongo ukamshika papo hapo. Alibaki ameinama, hawezi kunyooka wala kukaa. Misuli ya kiuno ilikuwa imekaza, ukiigusa ni kama ubao. Tukamkokota hadi duka la dawa la karibu. Kijana wa kaunta hakuuliza lolote. Alivunja kichupa, akavuta dawa, akasema, "Guka," yaani babu, "geukia huko." Pamba, sindano, shilingi mia tatu. Dakika tano hazikuisha.

Maumivu yalipungua kweli. Lakini usiku mkojo ulikataa kutoka. Kibofu kilijaa hadi tumbo likatuna, na mzee ambaye hakulia sokoni akalia nyumbani. Alfajiri aliwekwa mpira wa mkojo hospitalini. Daktari alitaka kujua amedungwa nini, nikarudi dukani kuuliza. Kichupa kilikuwa cha orfenadrini, dawa ya kulegeza misuli ambayo inaweza kuziba mkojo, hasa kwa mzee aliyevimba tezi dume. Baba mdogo anaugua tezi hiyo, na vidonge vyake vilikuwa mfukoni mwa koti siku ile ile. Swali moja tu lingemwokoa.

Ninaandika haya kwa sababu huku kwetu mgongo ni mali ya kazi. Mchumaji chai wa Othaya hushinda ameinama na kikapu mgongoni. Mama wa Tetu hubeba kuni kwa kamba iliyokazwa kwenye paji la uso. Dereva wa matatu ya Nyeri hadi Nanyuki huketi kutwa nzima. Kila mmoja wao, mgongo ukimshika, anataka kitu kimoja: arudi kazini kesho. Ndiyo maana "sindano ya mgongo" imekuwa jina la kila kitu. Leo ni diklofenaki, ambayo ni ya kutuliza maumivu na inaweza kuumiza tumbo lenye vidonda au figo dhaifu. Kesho ni vitamini, kesho kutwa ni steroidi, au dawa ya kulegeza misuli yenyewe. Mgonjwa analipa bila kujua kilichoingia mwilini.

Tuelewe dawa hizi zinavyofanya kazi. Nyingi haziendi kuulegeza msuli ule unaouma. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na ndiyo sababu huleta usingizi na kizunguzungu. Mwendesha bodaboda aliyedungwa saa nne asubuhi akarudi barabarani saa tano anahatarisha maisha yake na ya abiria. Nyingine zina masharti mazito. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliamua kwamba sindano ya tiokolkikosidi isizidi siku tano, na isipewe mjamzito kabisa. Sasa niambie, ni nani kwenye kaunta anayemuuliza mama kama ana mimba?

Mkono unaodunga nao una uzito wake. Chini ya tako umepita mshipa mkuu wa neva wa mguu, na sindano ikipigwa mahali pasipofaa mguu unaweza kulemaa. Jirani zetu wa Kumi, mashariki mwa Uganda, wanalijua hilo kwa uchungu, kwa watoto wao walioharibiwa miguu na sindano za matakoni.

Sindano ina nafasi yake. Mtu asiyeweza hata kujigeuza kitandani, akishapimwa na daktari, anaweza kupewa dawa ya siku chache apate kusimama. Ubaya ni kuifanya desturi ya kila mwezi. Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Maumivu ya kiuno kwa jumla, sugu na yasiyo sugu, yaliwapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Shirika hilo halikupendekeza dawa za kulegeza misuli zitumiwe kama kawaida. Lilitaja mazoezi, tiba ya viungo na kumfundisha mgonjwa kuutunza mgongo wake.

Zaidi ya hayo, maumivu ni mjumbe. Ukiona ganzi katikati ya mapaja, mguu unalegea, mkojo unaponyoka, au homa na kukonda vinafuatana na mgongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo. Saratani ya tezi dume husambaa hadi mifupani. Mzee anayenyamazishwa kwa sindano mwezi baada ya mwezi anaweza kufika kwa daktari akiwa amechelewa.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Basi serikali za kaunti za Nyeri, Kirinyaga na Laikipia zipeleke wataalamu wa tiba ya viungo hadi kwenye zahanati za vijijini, karibu na vituo vya kununulia chai, maana mchumaji hataacha mshahara wa siku kufuata mazoezi mjini. Nayo Bodi ya Dawa na Sumu ikaze ukaguzi katika vichochoro vya masoko yetu.

Nawe msomaji, kabla hujageukia ukuta, uliza: dawa hii inaitwaje? Inapatana na ugonjwa nilio nao na dawa ninazomeza? Na wewe unayenidunga, leseni yako iko wapi? Asiyeweza kujibu hastahili kukudunga.

Baba mdogo sasa anatembea na karatasi yenye majina ya dawa zake, imekunjwa pamoja na kitambulisho. Andika yako leo, na ya mzazi wako pia.