Mahujaji wetu wasipitwe na miqaati wakiwa angani

Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 3,150. Miji hii imekaa karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini; ndiyo maana saa zake ni sawa, na ndiyo maana Waislamu wa Dar es Salaam huelekea kaskazini wanaposwali. Ndege isiyotua njiani huyamaliza masafa hayo kwa saa nne au zaidi kidogo. Wazee wetu waliosafiri kwa vyombo vya baharini walikaa majini siku nyingi.

Wepesi huu ni neema ya Mwenyezi Mungu (S.W.), lakini umekuja na mtihani wake.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa Yemen miqaati ya Yalamlam, na akabainisha kuwa kila miqaati ni ya wenyeji wake na ya yeyote apitaye hapo akikusudia Hijja au Umra. Sisi tunaotokea kusini, hiyo ndiyo yetu. Iko kiasi cha kilomita 100 kusini mwa Makka, na ndege huwa sambamba nayo kabla ya kufika Jeddah.

Wako wanaodhani kuwa aliye angani hahusiki mpaka atue. Sivyo. Watu wa Iraq walipomlalamikia Sayyidna Umar (R.A.) kuwa miqaati iko kando ya njia yao, aliwaamuru watazame mahali palipo sambamba nayo. Kwa msingi huo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mjini Amman, mwaka 1986, kuwa wasafiri wa ndege nao wahirimie miqaati.

Sasa tuzingatie hesabu. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa hukata zaidi ya kilomita 13 kila dakika. Hujaji akisinzia robo saa tu, miqaati imekwisha kumpita. Aliyepitwa hali amekusudia ibada hulazimika kurejea miqaati kabla ya kuanza ibada zake, ama achinje. Kusahau humwondolea dhambi, hakumwondolei wajibu huo.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zinazowaandaa wazee wao, ambao wengine wamedunduliza miaka mingi kwa safari hii moja. Waoge na kuvaa ihramu nyumbani au uwanjani kabla ya kupanda. Shuka za ihramu zisifungiwe katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Nia, ambayo ndiyo ihramu yenyewe, iwekwe miqaati inapokaribia. Na anayechelea usingizi ainuie mapema, kwani kutangulia kunajuzu, kuchelewa hakujuzu.

Anayepitia Dubai au Doha huingia kwa upande wa mashariki, na miqaati yake ni Qarn al-Manazil. Anayeanzia Madina atahirimia Dhul-Hulayfa, yaani Bir Ali. Viongozi wa vikundi wawafahamishe mahujaji njia yao kabla ya siku ya safari, na wawaamshe wakati ukifika.

Safari imekuwa fupi, lakini mipaka ya Mwenyezi Mungu iko palepale. Tunamuomba awatakabalie mahujaji wetu wote. Amin.