Uvimbe "Usio Hatari": Jina Linalopotosha

Katika masomo ya elimu-viumbe tumezoea kuugawa uvimbe katika mafungu mawili: ule wa saratani, ambao huvamia sehemu za jirani na kusambaa mwilini, na ule mwingine tunaouita "uvimbe usio hatari". Mgawanyo wenyewe ni sahihi. Jina la fungu la pili ndilo lenye kasoro. Kwa maoni yangu yafaa tuliache, na ubongo unatupatia sababu iliyo wazi.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, mwalimu wangu aliweka mbele yetu picha ya ubongo yenye kidoa cheupe cha mviringo, kisichozidi ukubwa wa punje ya njegere. Tuliuliza upesi kama ilikuwa saratani. Alipojibu kuwa siyo, tulishusha pumzi. Naye akasema: "Mmeuliza ni kitu gani, hamjauliza kimekaa wapi."

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji maangavu. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kiasi cha mililita 500 za maji hayo kila siku, ilhali yanayokuwamo kwa wakati mmoja, vyumbani humo na kandokando ya ubongo na uti wa mgongo, ni kama mililita 150 tu. Kwa hiyo hayana budi kutiririka mfululizo, kutoka chumba hata chumba kupitia vijia vyembamba, mpaka yarudi katika damu. Jiwe dogo lililo katikati ya shamba halimsumbui mkulima. Jiwe lilo hilo likiziba mdomo wa mfereji, maji hufurika. Kidoa kile kilikuwa kifuko cha koloidi, kilichokaa penye kijia cha kutoka vyumba viwili vya pembeni kuingia chumba cha tatu. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Maji yakizuiwa, ubongo hukandamizwa, na mgonjwa aweza kufa ghafla.

Haya twayaona kwa msaada wa mashine ya CT, iliyotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979. Katika picha zake mfupa huonekana mweupe, ubongo kijivu, na maji meusi. Mtazamaji hodari huanza na mahali pa uvimbe na umri wa mgonjwa. Uvimbe wenye vinundu kama koliflawa katika chumba cha pembeni cha mtoto humfanya afikirie papiloma. Ulio nyuma katika chumba hicho kwa mtu mzima, wenye chembe za chokaa na unaong'aa sana baada ya dawa maalumu kudungwa mshipani, humfanya afikirie meninjioma. Kisha hutazama kama vyumba vimetanuka, maana huenda njia ya maji imezibwa. Hata hivyo picha hutoa dalili tu. Uthibitisho hutolewa na hadubini.

Wako watakaosema kwamba jina "usio hatari" humtuliza mgonjwa. Lakini utulivu unaomfanya mtu aahirishe matibabu una faida gani? Uvimbe wa aina hizi mara nyingi huweza kuondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akapona. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara kubwa.

Basi, walimu wenzangu, tuseme "uvimbe usio wa saratani", na tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali mawili: ni kitu gani, na kimekaa wapi? Tena mwanafunzi ambaye maumivu ya kichwa humzidia kila alfajiri, akatapika na kuona vitu viwili viwili, asiambiwe kuwa ni mvivu. Maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Lakini anayestahili kuamua hilo ni daktari, si kiranja wala mwalimu wa zamu.