Harufu ya nazi kutoka Chicago

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi. Kazi ya gazeti mnaijua, ukimaliza kuandika ya bosi hubaki na nguvu ya kuandika yako. Lakini Jumamosi iliyopita limetokea jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa hapa nitalitoa mahali pabaya.

Rafiki yangu mmoja, anaishi Mikocheni, karudi kutoka Marekani na chupa ya bia. Si bia ya kawaida. Ni bia nyeusi, kali, iliyolazwa miezi kadhaa ndani ya pipa la mbao lililowahi kukaa wiski ya bourbon. Inatoka Goose Island ya Chicago, na kilevi chake ni asilimia 14 hivi, yaani karibu mara tatu ya hizi tunazozijua. Tuliitwa watu saba, wasomi watupu, tukapewa vidole viwili viwili ndani ya glasi za mvinyo, tukaambiwa tuonje TARATIBU.

Ndiyo, nilionja. Na ndiyo, mimi ni mtoto wa Micheweni, nimesoma chuoni kwa maalim kabla sijasoma shule. Hilo ni baina yangu na Mola wangu, na wala simshauri mtu. Mwenye kutaka kunihukumu kwa hilo apange foleni nyuma ya mama yangu. Leo nina kesi nyingine.

Niseme ukweli kuhusu kinywaji chenyewe maana sitaki kuonekana mwenye wivu. Ni kizuri. Cheusi kama kahawa ya barazani, kizito kama shira, povu lake la rangi ya hudhurungi linakufa haraka. Ukikipeleka puani unapata vanila, sukari guru iliyoungua kidogo, na mbao, kama umeingia kwenye karakana ya seremala asubuhi. Mdomoni ni utamu kwanza, halafu uchungu wa kahawa, halafu moto unashuka kifuani polepole. Glasi ilipopata joto la Dar ikatoka harufu nyingine kabisa. Dada mmoja aliyekaa karibu nami akafumba macho, akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani: "Mmeipata hiyo? Nazi. Nazi iliyokaangwa."

Wote wakatikisa vichwa. Nazi! Ajabu iliyoje, nazi kutoka Chicago!

Nikauliza, kwa nia njema kabisa, kama kuna mtu pale aliyewahi kuonja tembo la mnazi. Jamani, kicheko! "Lile la kwenye kibuyu?" "Lenye nyuki waliokufa?" Mmoja akasema Wapemba bwana, mna mambo. Mwenyeji wetu, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anatueleza tofauti ya mwaloni wa Marekani na wa Ufaransa, akasema tembo ni uchafu, watu wanajiua wenyewe.

Sasa tuelewane. Hiyo nazi waliyoisikia haikutoka kwenye nazi yoyote. Ni laktoni za mwaloni, kemikali za ndani ya mbao, na mwaloni mweupe wa Marekani unazo nyingi kuliko ule wa Ulaya. Ile vanila nayo ni mbao, inatoka pipa linapochomwa moto kwa ndani. Na mapipa yenyewe yanapatikana kwa sababu ya ubahili, si usanii: sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa, kwa hiyo likishatumika mara moja wenye wiski hawana kazi nalo tena. Linauzwa. Watengeneza bia wakalinunua pipa kuukuu, lenye masalia ya kileo cha mwingine kwenye vinyweleo vya mbao, wakamwaga bia humo, wakangoja. Mimi hilo nalipongeza. Ni akili. Ila niambieni, pipa kuukuu lenye masalia limekuwaje ustaarabu, na kibuyu kilichobaki na chachu ya jana kikawa uchafu?

Maana kazi ni ile ile. Kwa wasiojua, na najua ni wengi: mgema anapanda mnazi, anachagua karara ambalo halijafunguka, analikaza kwa kamba, anakata ncha yake kwa kotama kipande chembamba kama karatasi, halafu anafunga kibuyu kukinga yale maji. Kesho anapanda tena, anakata tena kipande chembamba, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Akikata kinene, karara linaisha kabla ya wakati. Akiacha siku, kidonda kinakauka. Ni kazi ya mkono. Yale maji yanayotoka ni sukari tupu, na chachu inaingia yenyewe kutoka hewani na kutoka kwenye kibuyu. Saa chache tu yameanza kuchemka.

Na tembo lina saa zake kama mtu. La alfajiri ni jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, tamu, linachomachoma ulimi kama soda iliyoanza kuisha gesi. Adhuhuri utamu umepungua, harufu imekuwa ya chachu na tunda lililoiva sana. Jioni ni kali, limefika asilimia 4 au 5 hivi, lina ugwadu unaokufanya ukunje jicho moja. Ukilisahau siku kadhaa, umepata siki. Bia ya Chicago wanajisifu kwamba inakaa miaka kabatini. Tembo huwezi kulisafirisha hata mpaka Unguja likafika lilivyo. Ni lazima uende lilipo. Kama hiyo si thamani kwa watu wanaolipa nauli ya ndege kwenda kuona kiwanda cha jibini, basi sijui thamani ni nini.

Kichekesho kingine. Goose Island ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011. Mwaka 2016 kampuni mama, AB InBev, ikaimeza SABMiller, na pamoja nayo zikaja hisa za TBL ya kwetu. TBL hii hii yenye bia inaitwa Ndovu. Kwa hiyo mwenyeji wetu, hata akirudi kwenye bia ya baa ya mtaani, bado anamlipa tajiri yule yule aliyemletea nazi ya mbao, na bado anakunywa chupa yenye picha ya tembo. Tembo pekee asilolitaka ni la kwetu.

Nakuja kwenye hoja ambayo najua mtaniletea. "Wewe unataka kufungua vilabu Micheweni?" La hasha. Micheweni haitaki, na ina haki ya kutotaka. Wazee wangu wanakataa kilevi chote, cha chupa na cha kibuyu, na msimamo huo nauheshimu kwa sababu umenyooka. Wasionyooka ni sisi. Januari 2024 pombe ilipoadimika kwenye mahoteli ya Zanzibar baada ya mabadiliko ya waagizaji, habari ilifika mpaka vyombo vya nje, na watu wakaandika kana kwamba kumetokea njaa. Hakuna aliyeandika mstari mmoja kuhusu mgema. Kenya, baada ya kuzifungia pombe za kienyeji miaka mingi, walibadilisha sheria mwaka 2010 wakaziruhusu kwa masharti. Na walikuwa wameshalipa gharama. Novemba 2000, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya uchochoroni iliyokuwa na methanoli. Haikuwa mnazi, tafadhali. Tembo halikeneki, halina methanoli ya kuongezewa. Lakini kwenye habari zetu za magazeti yote huitwa jina moja, "pombe haramu ya kienyeji", na msomaji hatofautishi.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimeandika hivyo.

Miaka miwili iliyopita nilitumwa nyumbani kufanya makala. Nilikuwa mgeni kazini, nataka jina. Kijijini, sikitaji, kulikuwa na mzee mgema, tulizoea kumwita Babu sote tuliokulia pale. Mzee huyu haonji. Alikuwa akisali jamaa, na tembo lake sehemu kubwa alilichemsha kuwa asali au akaliacha liwe siki, kina mama wakalitia kwenye achari za maembe. Lililobaki, ndiyo, kuna vijana walikuja kulinunua magharibi. Mimi nikaandika habari ya vijana. Aya tano. Sikwenda kumhoji, nilimjua mno kiasi cha kuona aibu kumhoji. Dawati likaweka kichwa cha habari chenye neno "maadili", nami nikafurahi, ilikuwa ukurasa wa tatu.

Wiki hiyo hiyo vibuyu vyake vilikutwa vimepasuliwa chini ya minazi. Barazani watu wakawa wanasogea anapokaa. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeshtakiwa, na wale vijana nasikia sasa wananunua gongo inayofichwa kwenye chupa za maji.

Nilikwenda kumwona Idd iliyofuata. Nilipiga hodi nikiwa na kilo mbili za sukari, kama mjinga.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani."

Akanipa kahawa. Hakulitaja gazeti mpaka nilipoaga. Akasema: "Ulikiandika Kiswahili kizuri. Ila hukuniuliza siki nauza kiasi gani chupa."

Nilikuwa na hilo kichwani Jumamosi, Mikocheni, nikiwa na glasi ya mvinyo mkononi, watu sita wamefumba macho wakitafuta nazi. Niliwaambia haya yote, vibaya zaidi kuliko nilivyoyaandika, na kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili. Mwenyeji akasema niache siasa, nionje kinywaji. Nikamalizia cha kwangu, nikaondoka na bodaboda.

Yule mzee hapandi tena. Mnazi wa nyuma ya nyumba yake, ambao nikiwa mtoto sikuwahi kuuona na nazi kwa sababu makarara yake yote yaligemwa, sasa unazaa. Siku ile ya Idd nilihesabu madafu tisa.